Haluma na Saini ya Utalii

Mimi na Haluma tumekaa benchi moja miaka ishirini na sita. Yeye hufunga mafundo upande wa kushoto wa zulia, mimi upande wa kulia, na katikati tunakutana. Ndiyo maana habari zake ninazijua kuliko ndugu zake. Mtu ukikaa naye bega kwa bega kutwa nzima, hata akinyamaza unamsikia.

Ni mjane wa miaka sitini na moja, hapa hapa Kairuani, mlango wa tatu kutoka kwangu. Hana makuu. Anaamka alfajiri, anasali, anachemsha chai yake, anakuja kazini. Mtoto Mungu alimjalia mmoja tu, Jalila, aliyeolewa na kijana wa mtaa wa pili anayeoka mikate huko Palermo, ng'ambo ya bahari, kwa Wataliani. Mwaka juzi mwezi wa Rajabu Jalila akajifungua mtoto wa kiume.

Siku ile ile Haluma alikaanga ufuta na lozi, akatwanga, akachanganya na samli na asali, akatengeneza zriri anayolishwa mzazi. Akaijaza mtungi mzima, akampa jirani aliyekuwa anasafiri. Mtungi ukafika.

"Zriri yangu imemwona mjukuu wangu kabla yangu," akaniambia. Alicheka, lakini siku hiyo alikosea mafundo ya mstari mzima, tukafumua.

Jalila asingeweza kuja. Karatasi zake za kuishi kule zilikuwa zinabadilishwa, na akitoka kabla hazijatoka hana hakika ya kurudi kwa mumewe. Basi aende mama. Miezi minne ilipita katika kutafuta pasipoti na picha na vyeti, na mtoto huku akianza kukaa. Mwisho Haluma akaenda kwa Naufali, wakala mwenye ofisi karibu na Lango la Mashahidi, anayewajazia watu fomu za viza. Kijana mzuri, msemaji, mama yake nilisoma naye.

Mimi nilimsindikiza, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu.

Naufali aliuliza, "Mkweo ana nyumba?"

"Ana chumba kimoja, mwanangu. Yeye, mkewe, mtoto, na tanuri la umeme."

"Basi barua ya mwaliko tusiihangaikie. Chumba kimoja watu watatu, watu wa viza hawatakubali wa nne. Tunaandika utalii. Mama Haluma anakwenda kutembea, kuona mji, siku tisa. Ninakukatia hoteli, karatasi yake tunaiweka kwenye faili. Ukipata viza, hoteli tunaifuta, unakwenda zako kwa binti yako. Na kule dirishani usimtaje binti, utawachanganya."

Akageuza fomu, akamwonyesha mahali pa kutia saini. Haluma akashika kalamu. Halafu akauliza, "Hapa juu ya saini pameandikwa nini?"

"Kwamba yote uliyosema ni kweli."

Haluma akaiweka kalamu mezani, taratibu kama anayeweka yai.

"Khalati, mama yangu mdogo, ni karatasi tu," Naufali akasema.

"Cheti changu cha ndoa nacho ni karatasi tu, mwanangu, na nilikaa nacho miaka thelathini."

"Kila mtu anafanya hivi! Mji mzima! Hata hajati fulani, sitamtaja..."

"Usimtaje. Mungu atusitiri sote."

Akachukua pasipoti yake, tukatoka. Naufali akatufuata hadi mlangoni. "Khalati, miadi niliyokupatia ni Jumanne ya tarehe kumi na mbili. Ukiiacha hiyo, nyingine ni baada ya miezi miwili, ukibahatika. Mtoto atakufungulia mlango mwenyewe!"

Siku tatu alikuja kazini kama kawaida. Tulifunga mafundo. Mimi moyoni nilimwona mkaidi, nasema kweli. Nilimwambia, "Haluma, ndugu yangu, Mwenyezi Mungu anajua nia yako. Hukuiba, hukumdhulumu mtu. Unakwenda kumbusu mtoto."

Akanijibu bila kuinua macho. "Manubia, zulia likienda kupigwa muhuri wa ubora, mkaguzi anafanya nini kwanza?"

"Anageuza upande wa nyuma."

"Basi."

Na huo ndio ukweli. Mbele zulia lolote ni zuri. Nyuma ndiko kila fundo linakojulikana.

Siku ya nne akaja amechangamka, hata shuka yake nyeupe ya kujifunika ilikuwa imepigwa pasi. Akakaa, akasema, "Nimepata. Sitaandika uongo. Nitaufanya uwe kweli."

"Vipi?"

"Nitatalii."

Jioni tukarudi kwa Naufali. Haluma akakaa kitini, mkoba magotini. "Niandikie utalii. Siku tisa, hoteli usiku nane. Lakini hoteli usiifute, nitalala humo. Na niandikie mahali pa kutembelea, watalii wanakokwenda. Nitakwenda kote."

Naufali alicheka hadi akashika meza. "Wewe, khalati? Na kofia? Na kamera shingoni?"

"Kofia ya nini, nina ushungi. Andika."

"Hoteli ni pesa, mama yangu. Watu wanaifuta kwa sababu ni pesa!"

"Nina bangili mbili zinazolala sandukuni tangu mume wangu afariki. Ziamke zifanye kazi."

Akaandika, akitikisa kichwa. Kanisa kuu, jumba la wafalme, soko la kale, bustani ya miti, makaburi ya chini kwa chini ya watawa, na jumba moja dogo la makumbusho. Mahali sita. Haluma akatia saini kwa herufi kubwa alizofundishwa shule ya msingi, moja moja, hakuruka hata moja.

Sasa nani wa kumwambia Jalila? Alimpigia mwenyewe, mimi nikiwa pale, simu imewekwa sauti ya juu kwa sababu Haluma hasikii vizuri sikio la kushoto.

"Mama alale hotelini?" Jalila akapiga kelele. "Mama yangu! Nami nina nyumba!"

"Una chumba, binti yangu."

"Tutabanana! Mume wangu atalala jikoni kwa tajiri wake wa mikate! Unajua watu wa Kairuani walioko huku watasema nini? Haluma kaja, bintiye kamtupa hotelini kama mtalii wa Kijerumani!"

"Waambie nimetia saini."

"Saini! Umetia saini na serikali, mimi je? Miezi mitano ninakungoja nikuwekee mtoto mikononi, unaniletea saini?" Akaanza kulia. "Basi nenda kwenye hoteli yako. Tembelea makanisa yako. Mtoto utamwona kwenye picha."

Akakata. Na siku tano hakupiga simu, yeye aliyekuwa akipiga kila baada ya magharibi. Haluma aliiweka simu juu ya mti wa kitanda cha kufumia, mahali anapoiona. Hakuigusa. Lakini ile orodha ya mahali sita aliisoma kwa moyo kama watoto wanavyosoma juzuu. Mimi nilikuwa namtahini huku tunafunga mafundo.

"Makumbusho?"

"Jumatatu wanafunga. Nimeyaweka Jumatano."

"Bustani ya miti?"

"Asubuhi, kabla ya jua kali."

Jumanne ile ya miadi tuliondoka na teksi ya kwanza kwenda Tunis, kwenye ofisi ya viza. Mimi nilikaa barazani ng'ambo ya barabara, na mkate wetu na zeituni kwenye mfuko, yeye akaingia peke yake. Alikaa ndani saa moja na nusu. Nilimaliza tasbihi mara nne. Alipotoka sikuuliza. Nilimpa maji kwanza, akanihadithia.

Dirishani alikuwapo mwanamke, miwani, sauti nzito. Akamchukua alama za vidole, akapekua faili.

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kutalii. Na kumwona mjukuu wangu."

Mwanamke akainua kichwa. "Una mtu huko?"

"Binti yangu."

"Hapa hukuandika."

"Kwenye fomu niliulizwa nitalala wapi, nikaandika hoteli, na ni kweli. Wewe umeniuliza ninakwenda kufanya nini, nimekujibu, na ni kweli."

"Kwa nini hulali kwake?"

"Chumba kimoja. Na nimekwisha sema hoteli."

Mwanamke akamtazama. "Haya, mtalii. Utatembelea wapi?"

Haluma akaitaja orodha yote kwa mpangilio wake, siku na saa, na Jumatatu ya makumbusho pia. Anasema yule mwanamke aliangalia chini kama anayetafuta kalamu, lakini kalamu ilikuwa mkononi.

"Na nitajuaje kwamba utarudi?"

Hapo ndipo Naufali alipokuwa na hofu. Haluma hana mshahara wa mwezi, hana shamba. Alikuwa na kadi yake ya ufundi tu. Akaisukuma chini ya kioo, kisha akasema, "Zulia letu limefika nusu. Mimi ni upande wa kushoto. Mwenzangu wa kulia amekaa barazani hapo nje ananingoja. Akiendelea peke yake, zulia litapinda. Kamwulize."

Nilimwambia, "Angelikuja kweli, ningelikufa kwa aibu, na hizi zeituni mdomoni."

"Hakuja kukuuliza," akasema. "Aligonga muhuri karatasi, akasema nenda ungoje. Sijui."

Tulingoja siku kumi na tisa. Siku ya kumi na tisa Naufali alikuja mwenyewe hadi penye kazi, mbio, pasipoti mkononi. Viza imo. Siku kumi. Haluma aliibusu, akasujudu palepale kwenye manyoya ya sufu. Kisha akapiga picha ule ukurasa, akamtumia Jalila, bila neno.

Jibu lilichukua muda. Tulikwisha funga mistari miwili.

"Hoteli iko mtaa gani?" Jalila aliandika.

Haluma akamwandikia mtaa.

"Ni dakika kumi kutoka kwetu," Jalila akajibu. Na baada ya kitambo, "Wana chai?"

Akaenda. Alibeba makrudi, vile vitamu vyetu vya tende, kilo tatu, na nguo za mtoto alizofuma mwenyewe. Siku tisa zile mimi sikugusa zulia, nilichambua sufu.

Yaliyotokea kule alinieleza kidogo kidogo, kwa muda wa miezi, kama alivyo. Siku ya kwanza alifikia kwa Jalila, akambeba mtoto hadi mikono ikafa ganzi, akala, na baada ya isha akaondoka kwenda kulala hotelini. Jalila alimsindikiza amenuna. Asubuhi saa mbili mlango wa hoteli ukagongwa. Jalila, na mtoto amefungwa kifuani.

"Leo ni wapi?" akauliza.

"Kanisa kuu."

"Basi twende. Sitaki uchekwe peke yako."

Jalila ana miaka minne kule. Alikuwa anajua njia ya sokoni, njia ya zahanati na njia ya ofisi ya karatasi. Mengine hakuyajua. Mama yake ndiye aliyemtembeza, mama aliyefika jana. Pale mlangoni pa kanisa kuu pana nguzo ya kale, na juu yake imechongwa aya ya Qurani, tangu zamani za Waislamu wa kule. Jalila alisoma kibao kilichokuwa karibu, akamwambia. Haluma alisimama pale na mjukuu begani, akasema, "Subhana Allah. Msikiti wetu mkuu nao unasimama juu ya nguzo za watu wa kale. Kumbe tumeazimana." Kule makaburini Jalila hakuthubutu kuingia, akabaki nje na mtoto. Haluma aliingia, akawaona watawa waliokauka wamesimama ukutani na majoho yao, akamwomba Mungu mwisho mwema, akatoka upesi. Bustanini mtoto alishika jani kwa mara ya kwanza, akalila.

Lile jumba dogo la makumbusho walikwenda Jumatano kama ilivyopangwa, wakakuta mlango umefungwa. Mafundi walikuwa wanapaka rangi. Wakarudi Alhamisi, bado. Ijumaa ndege.

Alirudi siku aliyosema. Jumamosi asubuhi alikuwa kwenye benchi, upande wa kushoto, akanyoosha mkono kutafuta nyuzi kama aliyeondoka jana. Nilimwuliza habari za mtoto. Akasema anafanana na marehemu babu yake, masikio hasa. Kisha akaziacha nyuzi, nikajua kuna jambo.

"Manubia, niliandika mahali sita. Nimeona mahali patano tu."

"Lilifungwa, Haluma. Si kosa lako."

"Najua. Lakini nimetia saini."

Jioni alipita kwa Naufali kumwuliza ni anwani gani ya kuwaandikia watu wa viza, awaeleze habari ya rangi. Naufali akaweka kalamu chini. Safari hii hakucheka. Akamwambia hakuna anwani ya kupokea barua za namna hiyo, hakuna mtu aliyewahi kuandika.

"Basi nitawaeleza dirishani," Haluma akasema, "nikienda kuomba tena."

Sasa tunamalizia pindo la zulia. Likishapigwa muhuri, atamwambia Naufali amtafutie miadi nyingine, na ile orodha mpya itaanza na jumba la makumbusho.