Kapteni wa Bibi Kikohozi

Mtaa mzima ulimwita Kapteni, na mwenyewe akawa anaitika. Kosa lake lilikuwa hapo, kwenye kuitika.

Miaka kumi na tisa alifanya kazi katika meli ya mizigo iliyoundwa mwanzoni mwa karne iliyopita, meli ya mvuke, nzito, chafu, yenye bomba moja refu la moshi. Ubavuni ilikuwa na jina lake la heshima, ila mabaharia waliiita Bibi Kikohozi, kwa sababu haikung'oa nanga bila kukohoa kwanza na kuharibu nguo zote zilizoanikwa karibu na bandari. Ilibeba saruji, ilibeba pamba, na safari moja ilibeba nyumbu mia mbili waliotafuna kamba za mashua zote. Iliwahi kukwama kwenye fungu la mchanga siku tatu, ikajinasua yenyewe kwa hasira. Hayo yote ni kweli tupu. Uongo ulikuwa mmoja tu: huyu Kapteni hakuwa kapteni.

Alikuwa mchochea moto. Kazi yake ilikuwa chini kabisa, tumboni mwa meli, kulisha matanuri makaa ya mawe kwa sepetu. Siku alipokwenda kuposa, baba wa binti alisema waziwazi kwamba mtu wa makaa hampi mwanawe. Mposaji akajisikia anasema, "Mimi niko juu, mzee wangu. Kwenye usukani."

Haya sasa! Uongo wa kuposea ungeisha siku ya harusi, lakini huu ulinenepa. Akautia chumvi kila mwaka, mpaka lile fungu la mchanga likawa mwamba, na siku tatu zikawa kumi na moja, yeye peke yake kashika usukani bila kula. Mkewe anasikiliza, anamiminia wageni chai.

Jambo moja lilimshinda kuacha. Mchochea moto hutupa sepetu tatu, kushoto, kulia, katikati, kisha hufunga mlango wa tanuri kwa kisigino, maana mlango ni moto na mikono ina kazi. Basi nyumbani, kabati, twaa! Jokofu, twaa! Mlango wa choo, twaa! Fundi wa bawaba alikuwa kama mwanafamilia.

Ndipo ikaja barua. Bibi Kikohozi amefanywa makumbusho, mabaharia wa zamani waje na familia zao. Mama watoto akanunua suti nyeupe, na kofia nyeupe yenye nanga ya dhahabu mbele.

"Baba watoto, leo unanionyesha usukani wako," alisema, akimvalisha.

Kapteni akapiga hesabu. Akiumbuka leo, miaka arobaini na moja ya heshima ndani ya nyumba yake inakwenda na maji, na uzee huu atakaa wapi? Akajikaza kisabuni, akapanda melini.

Wageni wengine walipoiona kofia wakamfuata, naye kwanza akawapeleka kwa kujiamini kabisa hadi kwenye stoo ya mafagio. Mwongoza wageni, mama mmoja mwenye miwani, akawarudisha taratibu mpaka chumba cha usukani.

"Kapteni, tueleze. Hiki ni nini?" akauliza, akionyesha dira.

Kapteni akainama, akaikagua. "Saa," akasema. "Imeharibika. Ina mshale mmoja."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mke wa Kapteni hakucheka. Alikuwa anapangusa vumbi kwenye usukani kwa kanga yake.

Wakashuka chini, chumba cha matanuri, Kapteni akitembea nyuma kabisa kwa aibu. Huko juu mtoto wa mgeni fulani akachezea mtambo wa amri, ule wa kuwaagiza watu wa matanuri kutoka kwenye usukani, na kengele ikalia chini: nguvu zote, mbele!

Wallahi, hakufikiri. Alirukia sepetu iliyowekwa pale kama pambo, kofia ikaanguka, akaanza kutupa hewa ndani ya tanuri baridi. Kushoto! Kulia! Katikati! Na mlango, twaa, kwa kisigino. Watu wote mdomo wazi.

Kisha akakumbuka alipo. Akasimama na sepetu mkononi, suti nyeupe imejaa masizi, macho chini.

"Mama watoto," akasema. "Nilikudanganya."

"Ulimdanganya baba," mkewe akajibu. "Wiki ya kwanza ya ndoa nilifua foronya yako mara tatu. Nahodha gani anatoka makaa masikioni? Nahodha gani anafunga jokofu kwa kisigino?"

"Ulijua? Miaka yote hii?"

"Baba ndiye aliyemkataa mtu wa makaa. Mimi sikuulizwa."

Kapteni akalia pale pale mbele ya wageni, akajipangusa kwa mkono, akazidi kujipaka masizi. Mwongoza wageni akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo, mama, hakuwa anaiendesha meli?"

"Nani kasema? Huyo wa juu alikuwa anazungusha gurudumu tu. Huyu asingetupa makaa, ingekwenda wapi?"

Mkewe akaokota ile kofia, akaikung'uta, akajivika mwenyewe kichwani.

"Haya, niite Kapteni," akasema. "Na leo nyumbani, ukifunga mlango, tumia mkono."

"Sawa, Kapteni," akaitika mumewe, akambebea mkoba.