Ukurasa Uliosomwa Kizungu

Nilijifunza kutengeneza kurasa za mtandao nyumbani kwetu Mtongwe, nikifuata mwongozo mmoja mkubwa unaoeleza kila alama ya kuundia kurasa hizo na kazi yake. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa wa kwaya ya kanisa letu. Nilimpelekea shangazi yangu, mwimbaji wa sauti ya pili. Yeye haoni, na simu yake humsomea maandishi.

Simu ikaanza kusoma Kiswahili changu kwa matamshi ya Kizungu, hata neno "karibuni" lisitambulike. Shangazi alicheka akashika mbavu.

"Mwanangu, Mzungu huyu umemtoa wapi?"

Nikarudi kwenye mwongozo. Kumbe nilikuwa nimeruka maelezo mafupi yanayosema kwamba ukurasa hutaja lugha yake pale juu kabisa. Nikaandika pale herufi mbili zinazowakilisha Kiswahili, "sw", kisha tukasikiliza tena. Safari hii maneno yalitoka sawasawa, hata majina ya nyimbo. Shangazi alisikiliza hadi mwisho.

"Aliyeandika mwongozo huo," akasema, "alitukumbuka na sisi tunaosomewa."

Nami nilikuwa nikiwaza vivyo hivyo. Kesho yake nikaanza kuusoma mwongozo upya, mstari kwa mstari.