Mama Mdogo Amecheka Edani

Jamani, leo mama mdogo amecheka akiwa edani, na kanda ya video niliiweka mimi.

Mnajua tangu afiwe na mumewe hata chai haimpiti kooni.

Mchana niliwawekea watoto katuni ya zamani, ile ya mbwa anayemfukuza jogoo. Sauti niliizima kabisa, kwa heshima ya msiba. Kumbe mama mdogo naye anachungulia kwenye pazia la chumbani.

Mbwa akakanyaga reki, mpini ukampiga usoni. Akarudi nyuma, akakanyaga nyingine. Kisha gari la kushindilia barabara likampitia. Akainuka bapa kama chapati, akajipangusa vumbi, akaendelea kukimbiza.

Hapo ndipo kicheko kikatoka nyuma ya pazia. Kicheko hasa, cha mbavu.

Na Bi Rukia, mama wa marehemu, amekaa pale pale na tasbihi yake.

Tasbihi ikasimama. Nikakimbilia kuzima video.

"Wewe, mwanangu."

"Labeka, bibi."

"Wazima nini? Rudisha pale alipopondwa. Na hilo pazia lifunue, mwenzetu aone vizuri."

Sasa hivi mama mdogo anakunywa chai. Mimi bado nimeduwaa.

Kwenu wangemwacha acheke?