Wingu Ambalo Eufrasia Hakutaka Lipotee

Jiko la mafuta ya taa linavuma juu ya meza ya maabara. Ndani ya sufuria ya maji kimesimama kichupa chembamba cha kioo chenye mkojo. Eufrasia Masatu hakiondolei macho.

"Dada, leo unanipikia uji gani?" mgonjwa anauliza kutoka kwenye benchi.

"Nyamaza, Kasmiri. Uji wako hata fisi angeukimbia."

Kasmiri ni mdogo wake, mkulima wa pamba huko Suguti. Tangu palizi mgongo unamuuma, na majuzi ubavu ulivunjika kwa kukohoa tu.

Eufrasia ni msaidizi wa maabara katika hospitali ndogo mjini Bunda. Anasogea mlangoni niliposimama mimi mwandishi, ananieleza kwa sauti ya chini.

"Kingamwili, yaani askari wa damu, ana minyororo minne iliyoshikana: miwili mizito, miwili myepesi. Seli zikiharibika kwa saratani ndani ya uboho wa mifupa, zinamwaga ile myepesi peke yake. Ni midogo, inapenya figo, inatokea kwenye mkojo."

Wiki iliyopita mkojo wa Kasmiri ulipopashwa moto ulifanya wingu. Eufrasia alijipa moyo kuwa ni mabaki ya maziwa: wifi yake, Wankyo, aliuleta katika chupa ya maziwa iliyosuuzwa kwa maji matupu. Mwaka huu wa 1984 sabuni imeadimika. Leo chupa ameiosha mwenyewe, kwa majivu.

Maji yanapata moto. Wingu linatanda tena, jeupe.

"Likibaki mpaka yachemke, huenda ni figo au kichocho. Hayo nimezoeaga kuyaona," ananinong'oneza. "Minyororo myepesi ndiyo inayoyeyuka, kisha inarudi ikipoa."

Maji yanachemka. Wingu linafifia, linaisha.

Kasmiri anapiga makofi. "Limeisha! Si nilikuwaga nasema, dada? Ni jembe tu!"

Eufrasia anazima jiko. Anakisogeza kichupa dirishani na kukikinga kwa mwili, mdogo wake asikione. Kinapopoa, wingu linarudi.

"Sijamwambia," ananiambia baadaye, uani. "Hapa dawa yake haipo, na gari letu halina petroli."

Kesho lori la pamba linakwenda Mwanza, kwenye hospitali kubwa. Dereva amekubali kuwapakia juu ya marobota.

"Nitakaa nyuma yake, nimshikilie mgongo kwenye mashimo. Tukishapita Lamadi ndipo nitamwambia. Akijua tukiwa hapa, atarudi Suguti."