Samaki wa Kwenye Kopo

Kosa langu la kwanza katika sayansi lilikuwa na harufu. Ni harufu ya klori, ile dawa ya maji, na hata leo nikifungua ndoo yake asubuhi ufukweni, pua inaniwasha na ninarudi kuwa mtoto wa mtaa wa Kimanga, kando ya ziwa, mwenye makopo mawili ya maziwa ya unga na hakika moja isiyotikisika: kwamba dawa hiyo inaua watu.

Nieleze kwa utaratibu, maana nisipoeleza kwa utaratibu moyo wangu hautulii.

Ilikuwa miaka ya vita. Siku risasi ziliposhuka kutoka milimani, mama alivuka kwenda Burundi na mdogo wangu mgongoni, na mimi nilikuwa shuleni. Mpaka ukafungwa nyuma yake. Nikabaki na Koko, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo ghafla ilikuwa kubwa mno. Mama ndiye aliyekuwa akijibu maswali yangu. Kwa nini moshi unapanda, kwa nini ndagala, wale dagaa wetu, wanafuata taa za wavuvi. Asipojua, alisema hajui, na tulikaa pamoja bila kujua. Koko alikuwa na mapenzi mengi na majibu machache, na nikimwuliza jambo alinipa vitunguu nimenye.

Kisha umeme ukakatika, mabomba yakakauka, na mji ukateremka kuteka maji ziwani kwa mabidoni, yale madumu ya njano. Kipindupindu kikaingia. Watu wa msaada wakasimamisha mahema meupe, na kila palipokuwa na mgonjwa palinuka klori: mlangoni, sakafuni, kwenye viatu vya mabuti. Nilikuwa mtazamaji mzuri. Niliona kwamba nyumba zilizopuliziwa dawa ndizo zilizokuwa na wagonjwa. Sikujiuliza kipi kilitangulia.

Ufukweni alisimama mwanamke mmoja mwenye aproni na bomba la sindano lisilo na sindano. Tulimwita Mama Klori. Hakuna bidoni lililompita bila kutiwa dawa. “Bwana yangu, fungua bidoni,” aliniambia kila siku, na wanawake walicheka kwa sababu bwana mwenyewe alikuwa hajafika kiunoni mwake. Mimi sikucheka. Nilimwogopa.

Basi nikafanya jaribio. Nilivua samaki wachanga kwa kipande cha chandarua, nikawatia kwenye makopo mawili, moja lina maji matupu ya ziwa, la pili maji ya bidoni letu. Nikachuchumaa nyuma ya nyumba. Wale wa maji matupu waliogelea. Wale wa klori walipinduka, tumbo juu, wakatulia. Sikuamini, nikarudia na wengine. Wakafa vilevile.

Sijui kama umewahi kujua jambo kubwa na kukosa wa kumwambia. Niliwaambia watoto wa jirani, wakanipa jina: Dokta wa Ndagala. Walinifuata njiani wakiniomba nipime homa ya samaki. Nikamwambia Koko. Alikuwa akitwanga sombe, na harufu mbichi ya majani ya muhogo ilijaa uani. Alisikiliza huku mchi ukipanda na kushuka, kisha akaniambia nikasuuze makopo yake, kwa kuwa ndiyo anayopimia unga.

Niliondoka pale nikiwa mpweke kuliko siku mama alipovuka.

Tangu hapo nilipanda kila asubuhi hadi kwenye mto unaoshuka milimani, nikajaza chupa moja. Maji yale yalikuwa baridi na hayakunuka chochote, na kwangu hiyo ndiyo ilikuwa maana ya usafi. Nilimletea Koko chupa. Alionja kidogo, akanirudishia, akasema kinywa chake kimezoea maji ya bidoni. Nikamsihi. Akakataa. Kila alipokunywa nilimtazama shingo, nikingoja apinduke kama samaki.

Aliyepinduka ni mimi. Asubuhi moja niliamka nikiharisha na kutapika, na kufikia mchana miguu ilikuwa imekufa ganzi na macho yamezama. Koko alisimamisha pikipiki, akanipakia kati yake na dereva, tukaenda kwenye mahema. Nilipowekwa juu ya kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake, harufu ile ilinifunika uso mzima. Nilijua nimeletwa kwenye chanzo chenyewe.

Walinitundikia seramu, maji ya kuingia mshipani. Koko alikaa nami, kisha akalazimika kwenda nyumbani kutafuta chakula. Hapo muganga, ndivyo tunavyomwita mtu wa hospitali, kijana mwembamba mwenye mabuti yaliyomzidi, akaniletea kikombe cha maji ya chumvi na sukari. Seramu peke yake haitoshi, alisema, lazima ninywe, la sivyo nitaishiwa tena. Kikombe kilinuka klori. Nikafunga mdomo. Akajaribu tena na tena, nikageuza uso. Kufa kwenyewe sikukuelewa vizuri. Nilichoogopa ni mama kurudi, aite jina langu mlangoni, na Koko akose la kusema.

Muganga hakunifokea. Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Aliniuliza ninaogopa nini, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo kwa muda mrefu, nikamwambia yote: makopo, samaki, mto, chupa.

“Na koko yako,” akasema, “yeye anakunywaka mayi gani?”

“Ya klori.”

“Iko mugonjwa?”

 Akilini nilimwona Koko akinibeba, mikono yake ikiwa na nguvu, nyumba moja, chungu kimoja, na maji mawili tofauti.

“Samaki yako haikukudanganya,” akasema muganga. “Ile dawa inaua kitu kidogo, na kile kidudu cha kipindupindu kiko kidogo kupita samaki. Lakini weye uliuliza samaki mambo ya watu.”

Nikanywa. Kilikuwa na chumvi kama machozi, na nilikimaliza.

Nilipopata nafuu, Koko alinifuata. Tulikaa nje ya uzio tukingoja pikipiki, na nikamwambia kwa aibu kwamba nilikosea, kwamba maji mabaya yalikuwa yale ya mto. Koko alikung'uta vumbi kwenye kitenge chake. Kisha akasema, bila kunitazama:

“Minye nilikuamini. Chupa ilikuwa moja. Nikakuachia weye ile ya muzuri.”

Nilikuwa mdogo, nikadhani ananibembeleza tu. Miaka ilipita, mama akarudi, Koko akatutoka, ndipo siku moja, nikisoma peke yangu kitabu kilichochakaa kuhusu maradhi ya tumbo, nikaacha kusoma katikati ya mstari. Mwanamke yule alikunywa kila siku kitu alichoamini ni sumu, ili mimi nibaki na chupa yangu. Uani kwetu tulikuwa wawili wenye hofu moja, yeye akiificha yake, nami nilijiona sina mtu.

Sasa ni mimi ninayesimama ufukweni na bomba la sindano. Bado ninapima kila kitu mara nyingi kuliko inavyohitajika, na bado ninafanya majaribio yangu. Ila jibu nikilipata, namwambia mtu kwanza, na ninangoja anijibu.