Kambi Yetu Kwenye Ukuta

Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa anasalimia kila mtu kwa mkono. Kwetu sisi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka tu, akishasalimia, alikuwa anatoa kichupa cha dawa ya kuua vijidudu mfukoni na kujipaka vidole, taratibu, mbele ya macho yetu. Tulikuwa wawili: mimi, na dada mmoja Mrundi niliyekuwa nasali naye. Darasa lilikuwa Lilongwe, mtaa wa Area 18, kwenye sebule ya nyumba ya kupanga.

Siku hiyo tulikuwa tunajifunza kukokotoa exp, yaani namba e ikipandishwa kwenye kipeo, kwa lugha ya kompyuta ya Python. Unaandika math.exp, unaweka namba kwenye mabano, jibu linatoka. Somo hilo nilikuwa nimelingoja kwa hamu. Kitu kinachoongezeka kwa kujilisha chenyewe, kadiri kilivyo kingi ndivyo kinavyozidi kukimbia: mi niliona uzuri ndani yake.

"Tunahitaji mfano," mwalimu akasema kwa Kiingereza chake laini. Akatutazama, akatabasamu. "Kambi ya Dzaleka. Kila mwaka wanazidi, si ndiyo? Hawa watu hawapumziki."

Darasa likacheka. Kasi ya ongezeko aliibuni pale pale, huku anatafuna karanga, na maganda yakidondoka kwenye kibodi yangu. Kompyuta yangu ndiyo ilikuwa imeunganishwa na projekta iliyomulika ukutani, kwa hiyo mimi ndiye niliyeandika.

"Ongeza miaka," akasema, amenisimamia mgongoni. "Ongeza tena. Tena."

Niliongeza mpaka mashine ikatoa maandishi ya kosa: namba imekuwa kubwa kupita uwezo wake.

"Mnaona?" akasema. "Hata kompyuta imekataa kuwapokea."

Walicheka hadi wengine wakapiga meza. Mwenzangu naye akacheka.

"Mwalimu," nikasema, "wengi wetu tulifika kwa sababu ya vita. Mi mwenyewe nilikimbia Fizi, kule Kongo. Vita haimo kwenye hesabu yako."

"Ni mfano tu. Usikasirike." Pumzi yake ya karanga ilinipiga shavuni.

Mchana tulikaa nje na nsima, ugali wa huku, na maharage. Nilimega tonge moja, nikalirudisha.

"Kula, dada," mwenzangu akaniambia kwa Kiswahili chetu cha kambini.

"Siwezi."

"Juu ya yule mwalimu? Ni mufano tu."

"Na we ulicheka."

"Nilicheka juu bote balikuwa banacheka. Ulitaka nilie mbele yabo?"

Nilimtazama akila nikaona kinyaa, na kinyaa hicho kiliniuma, maana nilipougua malaria ni yeye aliyekuwa ananiletea uji.

Tuliporudi ndani, kila mmoja alitakiwa kuchora mstari wa ongezeko la watu wa kambi. Mimi nilichora mstari wa maji yaliyochemka yakipoa ndani ya kikombe. Exp ni ile ile, ila kasi inawekwa alama ya kutoa, na mstari unashuka badala ya kupanda. Mwalimu akauangalia.

"Kambi iko wapi?"

"Haiko."

"Basi hujafanya zoezi." Akanipa sifuri, akaenda kwa mwenzangu.

Yeye alikuwa ameichora. Mstari mwekundu, safi, unapanda mpaka juu kabisa. Mwalimu akauonyesha ukutani na kumsifu kwa sauti kubwa, na darasa likampigia makofi. Mwenzangu aliinamisha kichwa, akabaki anatazama viatu vyake.

Wiki iliyofuata hakuja. Nilimkuta kwake Dzaleka, anapepeta mahindi mlangoni.

"Mbona umeacha? We njo ulisifiwa."

Alipepeta kwanza. "Nilipokuwa nachora," akasema, "niliona batoto bangu iko ndani ya ile mustari. Bote batatu. Na mi njo naipandisha na mukono yangu." Akatema mate pembeni. "Sirudi kule."

Niliketi kando yake, nikachukua ungo wa pili.

Mimi nilirudi, nikamaliza, kwa sababu nilitaka kazi. Kazi nimepata, na exp naitumia mara kwa mara. Hesabu yenyewe haina kosa, najua. Lakini nikiandika herufi zile tatu, bado nauona ule mstari mwekundu ukutani, na watoto watatu ndani yake.