Sehemu ya Mama Haikufika Chumba

Nyumba ya baba ilikuwa Kariakoo, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati na uani nyuma. Mama yangu, mke mdogo, aliishi humo tangu alipoletwa kutoka Kilwa akiwa mwari, na kila asubuhi alikaanga vitumbua barazani hadi watu wa sokoni wakamzoea. Bi mkubwa, mama wa kaka zangu wanne, aliishi Msimbazi kwa mwanawe wa kwanza. Wake wenza hawa hawakusemezana. Wakikutana kwenye foleni ya sukari katika duka la ushirika, kila mmoja alikodolea macho kisogo cha aliye mbele yake kama anasoma gazeti.

Baba alipofariki, kikao cha ukoo kilimchagua kaka mkubwa awe msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikamthibitisha. Sikuwa na neno. Lakini mama alipotoka eda tu, kaka akaja na habari kwamba nyumba inauzwa, mnunuzi kapatikana, kila mrithi atapewa chake.

"Na mimi niende wapi, baba?" mama akamuuliza.

"Kwenu Kilwa si wapo ndugu?"

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Arudi Kilwa kwa wajomba ambao hata sura zao ameshaanza kuzisahau! Kesho yake nikaenda mahakamani kuweka pingamizi.

Siku ya shauri kaka alijieleza kwa utulivu, na kinachoniudhi hadi leo ni kwamba hesabu ilikuwa upande wake. Katika mirathi yetu ya Kiislamu, mjane wa mume aliyeacha watoto hupata moja ya nane, na wajane wakiwa wawili hugawana hiyohiyo. Mmoja wa wazee wa baraza, wale wanaokaa na hakimu kumshauri, akahesabu kwa vidole. Katika vyumba sita, akasema, fungu la mama halifiki hata nusu chumba.

"Sasa atalalaje, miguu nje?" kaka akauliza, na watu wakacheka.

Niliinuka nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Hakimu akaniambia nikae ama nitolewe. Nikakaa. Mama alikuwa ameinama, anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

Ndipo bi mkubwa, aliyekaa nyuma ya wanawe, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Hakimu, fungu langu na la huyu mwenzangu mkiyaweka pamoja, yanakuwaje?"

Mzee wa baraza akarudi kwenye vidole vyake. "Chumba kasoro robo, mama."

"Hiyo robo natoa mimi!" nikaropoka, maana mtoto wa kike nami nilikuwa na fungu langu.

"Basi tupeni chumba," bi mkubwa akasema. "Fedha sitaki. Kwa mwanangu nimechoka kuomba ruhusa ya kusogeza sufuria."

Kaka akageuka. "Mama! Utaishi chumba kimoja na huyu?"

"Mwanangu, miaka yote tumegawana mume mzima. Chumba ndiyo kitushinde?"

Mahakama nzima iliangua kicheko, na hakimu akavua miwani kujifuta macho. Mama yangu alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Mimi nililia, tena bila aibu, kwa furaha tu.

Kaka hakuwa na ubavu wa kuuza chumba cha mama yake mzazi. Nyumba haikuuzwa. Kila kaka alipata chumba, wajane wakapata chao, na cha sita kikabaki cha mpangaji, kodi yake ya wote. Kaka mkubwa alinuna kwa muda, halafu akaanza kupita asubuhi kula vitumbua kabla ya kwenda kazini.

Kitanda cha bi mkubwa kililetwa kwa mkokoteni. Kaka zangu wakakiingiza ndani, wakasimama nacho, hawajui wakiweke wapi. Chumba kilikuwa na dirisha moja, na chini yake, penye upepo, ndipo mama alipokuwa akilala. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikishika kitanda chake mwenyewe akakisukuma hadi ukuta wa ndani, wenye joto.

"Cha dada kiwekeni hapa dirishani," akasema. "Yeye ndiye mkubwa."